Kinanda Kikilia, Nipo

Mwanamke mmoja wa kanisani kwetu Mbezi alinifuata juzi baada ya ibada. Ameambiwa ana saratani ya titi na wiki ijayo anaanza dripu za dawa ya saratani. Aliniuliza mimi nilipata wapi moyo. Nikamwambia nitamwandikia. Kwa hiyo haya ni yake, na ya mwingine yeyote aliyekaa kwenye benchi akisubiri jina lake liitwe.

Jibu fupi ni kwamba moyo sikuwa nao. Watu wanapenda kusikia kwamba mgonjwa alipambana. Mimi nilichoka tangu wiki ya kwanza, na hata sasa ninavyoandika nimechoka. Nilichokuwa nacho ni saa moja kwa siku iliyokuwa yangu, na hiyo nayo niliipata kwa ugomvi.

Nianze na kinanda chenyewe. Ni kidogo, cha plastiki, nilikinunua kwa jirani aliyekuwa anahamia Dodoma. Tangu nikiwa msichana Usangi, milimani Upare, nilitamani kupiga kinanda, lakini kwetu wapigaji walikuwa wanaume waliotoka kusomea, na msichana akikisogelea anaambiwa asikiharibu. Nilipokipata cha kwangu nikakifunika kwa kitambaa, nikakisukuma chini ya kitanda, nikasema nitajifunza nikipata nafasi. Nilikuwa na duka langu la steshenari karibu na stendi ya Mbezi Luis, nilikuwa na watoto, vikao vya harusi za watu, na zamu ya usafi kanisani. Miaka ikapita. Nikifagia chumbani nakigonga na ufagio, nakumbuka kwamba kipo.

Uvimbe niliugundua nikioga, wakati wa masika, barabara yetu ya mtaani ikiwa haipitiki. Mvua zilipokuwa zinaisha nikafanyiwa operesheni, titi la kushoto likaondoka. Kipupwe kilipoanza, dripu nazo zikaanza.

Nywele zilibaki kwenye mto asubuhi moja, kucha zikawa nyeusi, chai ikawa na ladha ya msumari. Mume wangu, Baba Joshua, alihamia kulala kwenye kochi sebuleni ili asinigonge kwenye kidonda. Ilikuwa ni huruma, na mimi niliichukia huruma hiyo. Nilikuwa nalala macho, namsikia anavyojigeuza upande wa pili wa ukuta, namkumbuka mtu aliye ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mchana alikuwa ananiuliza tu kama dawa nimekunywa.

Dada yake mkubwa, wifi yangu Elifrida, alikuja kutoka Same kuniuguza. Aliacha mbuzi wake kwa mtoto wake wa kiume na kuja na mfuko mmoja wa nguo na ndoo ya asali. Ni mwanamke wa kazi. Aliniogesha, alinilisha uji, alisafisha nilikotapika na hakukunja uso hata mara moja. Nasema hivi mapema, kwa sababu mbele nitamsema vingine.

Dripu zilikuja kila baada ya wiki tatu. Wiki ya kwanza nilikuwa sijiwezi kabisa. Wiki ya pili nilikuwa nakaa, nakula kidogo, nalala. Wiki ya tatu nilirudi kuwa mtu, naweza kutembea mpaka getini na kucheka. Halafu dripu nyingine, na tunaanza upya. Kwa hiyo katika wiki tatu za maisha nilikuwa napewa moja, na hiyo moja ikawa ya wageni.

Wifi ndiye aliyewapangia. Mtu akipiga simu anamwambia, njoo wiki ya tatu, ndiyo anakuwa na nguvu. Wakaja. Jumuiya ilikuja, kwaya ikaja, wakaja Wapare wa Kimara na wateja wa dukani. Kwetu mgonjwa hakatai wageni, kumjulia hali mtu ni wajibu, na asiyekuja atasemwa mpaka siku ya kuzikwa kwake. Mgeni akija lazima asimuliwe ugonjwa tangu mwanzo, anyweshwe chai, aombe, kisha anihadithie habari za shangazi yake aliyekuwa na ugonjwa huu huu na jinsi alivyokufa. Mimi nimelala kwenye mkeka nikiitikia, nimevaa sura ya ugonjwa, kwa sababu ukionekana mchangamfu watu wanaona wamepoteza nauli. Wakiondoka jioni nguvu zangu zimekwisha. Wiki ya tatu ikawa inanichosha kuliko ya kwanza, maana ya kwanza angalau waliniacha nitapike kwa amani.

Hospitali tulikuwa tunafika alfajiri ili kuwahi foleni, na jina linaweza kuitwa mchana. Humo ndimo nilimokutana na Bi Mgeni wa Temeke. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, anajifunika kanga mbili na kulalamika juu ya kila kitu: benchi gumu, feni haizunguki, nesi ana sauti kali. Siku zetu za dripu ziligongana, tukawa tunakaa pamoja. Alikuwa akisindikizwa na mwanawe Dulla, baba wa makamo, mpiga kinanda kwenye baa moja ya Sinza, ambaye alikuwa analala ameketi kwa sababu ametoka kazini usiku huo huo.

Siku moja nilimlalamikia Bi Mgeni habari za wageni. Akanikata.

"Mwanangu, mie saa mbili tamthilia yangu ikianza, hata aje nani, mlango umefungwa. Wananiambia nina kiburi. Nawaambia, daktari titi kaliona akalitoa, kiburi hakukiona."

"Hawakununi?"

"Wananunaga. Halafu wanarudi, kwani waende wapi? Na wewe unapenda nini?"

Ilikuwa muda mrefu sijaulizwa swali hilo. Nikamwambia kuhusu kinanda chini ya kitanda. Bi Mgeni akampiga mwanawe kiwiko, Dulla akafumbua macho.

"Amka. Mama Joshua anataka kujifunza kinanda."

Hivyo ndivyo nilivyoanza, kwenye ukingo wa benchi la hospitali, bila kinanda. Dulla alichora vibao vya kinanda kwa kalamu ya wino juu ya mbao za benchi, akaniwekea vidole. "Dole gumba hapa, sista. Usikaze mkono. Hesabu taratibu." Alinichagulia wimbo mmoja wa kanisa, wa polepole, kwa sababu unavipa vidole muda wa kufikiri. Nikamwambia wimbo huo kanisani kwetu hatuuimbi ila tunapozika. Akacheka.

"Sista, mie Muislamu. Nyimbo zenu nyingi nimezijulia misibani, wananikodi. Za harusi zina haraka, utaumia."

Basi nikachukua huo huo.

Nyumbani nilitangaza kwamba kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja jioni, siku nitakazoweza kukaa, sitaonana na mtu. Wifi alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini.

"Watu wametoka Kimara kuja kukuona. Niwaambie nini, unapiga kinanda?"

"Waambie nimepumzika."

"Mgonjwa anayepiga kinanda si mgonjwa, wifi. Watasema tunawachezea."

"Waache waseme."

"Mimi nimeacha mbuzi wangu. Nimeacha shamba wakati wa kazi, nimekuja hapa nakuogesha. Wewe unataka muziki."

Ilikuwa kweli. Nililia, wala si kwa uchungu, nililia kwa kuchoka tu, na yeye akaanza kulia kwa kuchoka kwake, mchele ukabaki hapo katikati yetu. Baba Joshua alikuwa amerudi kutoka kazini, amesimama mlangoni na mfuko wa machungwa. Si msemaji. Alisema, "Dada, mpe hiyo saa." Jumamosi yake alikwenda Manzese akanunua komeo, akalifunga kwenye mlango wa chumba kwa upande wa ndani. Katika yote aliyonifanyia mwaka ule, na alinifanyia mengi, komeo lile ndilo ninalolikumbuka kwanza.

Nilivaa hedifoni ili nisimsumbue mtu, nikawa napiga. Nilikuwa mbovu. Lakini kwa saa moja sikuwa mgonjwa wa mtu yeyote. Nilikosea, nikarudia, nikakosea palepale, na kosa lilikuwa langu, halikuwa la saratani. Wageni walinuna kama Bi Mgeni alivyosema, na wakarudi kama alivyosema. Wifi alikuwa ananitengea chakula bila kunitazama.

Vuli ilipokaribia walinibadilishia dawa, na ganzi ikaja. Ilianza kwenye vidole vya miguu, ikapanda kwenye vya mikono. Nikawa siwezi kufunga vifungo vya blauzi, siwezi kuokota sindano, naangusha vikombe. Siku ya kwanza nilipokaa kwenye kinanda na ganzi ile sikujua kama nimegusa kibao au sijagusa. Nilitazama vidole vyangu vikienda, havikuwa vyangu. Daktari alisema kwa wengine huondoka, kwa wengine hubaki. Nikakirudisha kinanda chini ya kitanda. Nilikasirika kwa namna ambayo sikuwa nimekasirika hata kwa titi. Titi walilichukua kwa kuwa lilikuwa na ugonjwa. Vidole vilikuwa na kosa gani?

Safari iliyofuata Bi Mgeni hakuwepo kwenye benchi. Nilimwekea nafasi kwa kanga yangu mpaka nilipoitwa. Jioni nikampigia Dulla. Aliniambia mama yake alikuwa amefariki siku mbili nyuma na walishamzika, Temeke, siku ileile. Alisema, "Alikuwa anaangalia tamthilia yake. Tulidhani kasinzia." Nilikuwa nimetoka kwenye dripu, siwezi hata kusimama, sikwenda kumpa pole. Nililala nimegeukia ukutani wiki nzima.

Nilipopata nguvu, jioni moja wifi alikwenda sokoni, Baba Joshua bado yuko kazini, watoto bado wako shule. Nikavuta kinanda, nikafunga komeo. Nilitaka kumpigia Bi Mgeni wimbo ule, ingawa najua hakuwa wa dini yangu na asingeupenda wimbo wenyewe, angesema unasinziisha. Nikavaa hedifoni, nikashindwa. Kwa kuwa vidole havikuhisi kitu, ilibidi masikio yafanye kazi ya vidole, na kelele nyembamba ile ya hedifoni haikunitosha. Nikazichomoa. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kila noti niliishikilia mpaka niwe na uhakika nimeigusa ndipo niende nyingine. Ukawa wimbo wa polepole kuliko hata makaburini. Nikamaliza, nikaanza upya, nikamaliza tena. Nadhani niliurudia kwa saa nzima na zaidi.

Sasa fikiria uko nje. Nyumba ina mgonjwa wa saratani. Geti limefungwa, na inajulikana siku hizi wageni hawapokelewi ovyo. Mara kutoka ndani unasikia, kwa sauti ya juu, wimbo wa kuzikia, hauishi.

Mama Rama, jirani yangu wa ukuta mmoja, anakaangaga maandazi uani kwake. Baadaye aliniambia alisikiliza ubeti wa kwanza, wa pili akazima moto. Aligonga geti, hakujibiwa. Akaenda kwa mjumbe wa mtaa. Mjumbe akasema naye anausikia. Basi mtaa ukafanya unachojua kufanya. Wanawake wakajifunga kanga kiunoni, wengine wakaleta sukari na majani ya chai, vijana wakabeba mabenchi ya jumuiya, mtu akaenda kuulizia turubai. Kwenye kona wakakutana na wifi Elifrida anatoka sokoni na mfuko wa nyanya. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliyaona mabenchi yanaelekea getini kwetu, akaachia mfuko, akakaa chini barabarani, akaanza kulia jina langu la nyumbani, Nakunda, ambalo Dar hakuna anayeniita.

Ni hilo jina nililolisikia. Nikatoa mkono kwenye kinanda, nikafungua komeo, nikatoka nje kama nilivyokuwa, kichwa hakina nywele wala kitambaa, waya wa hedifoni umening'inia shingoni. Nikafungua geti.

Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakinyamaza kwa pamoja. Mama Rama ndiye aliyekuwa mbele, ameshika bakuli la sukari.

"Mama Joshua," akasema taratibu, "kwani hujafa?"

"Bado," nikamjibu. "Najifunza kinanda."

Mtu mmoja akacheka huko nyuma, kisha akaona aibu, kisha akashindwa, na wengine wakamfuata. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka kidonda kikauma. Wifi peke yake hakucheka. Alikuja akanishika mabega, akanitazama usoni kwa muda, nikadhani atanipiga. Akasema, "Ningemwambia nini mumeo?" Nilimkumbatia, na ndipo nilipojua kwamba mwanamke yule, aliyekuwa ananitengea chakula bila kunitazama, alikuwa anaogopa kila siku kuliko mimi.

Mabenchi yalikuwa yamekwisha kuletwa, na sukari haikurudi. Chai ikapikwa. Mjumbe, mzee wa heshima zake, akasema si vizuri watu kukaa msibani bila marehemu wala wimbo, nikatoe kinanda tukisikie. Nikatolewa nacho uani. Nilipiga mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu kidole changu cha pete kikakosa kibao kama kawaida yake, nikasimama. Hapo wifi, akiwa anachambua nyanya zilizopondeka kwenye mfuko, akaushika wimbo kwa sauti yake ya pili ya kwaya, bila kuinua kichwa, akaupeleka mpaka mwisho. Sikuwa najua kwamba anaujua. Sikuwa nimemuuliza anapenda nini.

Baada ya siku ile hakuna aliyenigongea tena saa kumi. Mama Rama alieleza mtaa mzima utaratibu mpya: kinanda kikilia, yupo, mwacheni. Kisipolia, ndipo twende. Saa yangu niliyoigombania ikawa inalindwa na watu walewale niliokuwa nawafungia mlango.

Kasoro yake niliiona kwenye dripu ya mwisho. Ile ilinilaza vibaya kuliko zote. Homa ilipanda, mdomo ukajaa vidonda, siku zikapita sijui asubuhi na jioni. Kuna jioni nilizinduka nikiwa chumbani peke yangu, nikasikia kinanda sebuleni. Noti moja. Kimya. Noti nyingine. Mtu alikuwa anautafuta mstari wa kwanza kwa kidole kimoja, anakosea, anarudi. Nikasikia Mama Rama akiuliza kutoka upande wa pili wa ukuta, "Yupo?" na wifi akajibu, "Yupo, anajifunza." Akaendelea kubonyeza. Alifanya hivyo kila jioni mpaka nilipoinuka, ili watu wasilete mabenchi.

Mionzi niliimaliza wakati wa kiangazi, ngozi ya kifua imeungua na kuwa nyeusi. Baba Joshua amerudi kitandani. Duka nimelifungua, nafunga mapema. Ganzi imepungua kwenye mikono, miguuni ipo. Kila baada ya muda narudi kwenye benchi lile kuangaliwa, na usiku wa kuamkia siku hiyo silali. Alama za kalamu za Dulla bado zinaonekana kidogo kwenye mbao, na nikizikuta napata mahali pa kuweka vidole.

Kwa hiyo dada yangu wa kanisani, mimi sina moyo wa kukugawia. Tafuta saa yako. Ukisema utaipata ukipona, itakaa chini ya kitanda. Ndugu zako watanuna, na wana haki, wamechoka. Waulize na wao saa yao ni ipi.

Leo sikutaka kupiga. Nimeshinda dukani, miguu inawaka moto, nikalala kwenye kochi na saa kumi ikapita. Simu ikaita, wifi kutoka Same. Hakusalimia.

"Leo vipi?"

"Nimechoka, wifi."

"Najua. Piga."

Nikainuka. Nikaiweka simu kando ya kinanda, nikapiga wimbo wote, polepole, huku nasikia mbuzi wake kwa mbali.

"Mstari wa tatu umekosea," akasema, na akakata simu akawafungie mbuzi.